Kusali huku ukijua ubongo unafanya nini

Mkristo anayekwenda kusoma sayansi huonywa mapema kuhusu nadharia ya mageuzi. Ataombewa, atapewa vijitabu, atafundishwa maswali atakayoulizwa na namna ya kuyajibu. Kuhusu sayansi ya utambuzi, yaani elimu ya jinsi akili inavyopokea habari, inavyokumbuka na inavyofikiri, hakuna anayemwonya, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayouma zaidi. Mageuzi yanabishania mambo ya kale: dunia ina umri gani, viumbe walitoka wapi. Hii nyingine inakuja kukaa nawe pale pale ulipopiga magoti, inakuuliza ile amani uliyoisikia moyoni imetoka kwa nani.

Naandika kwa ajili ya aliye katikati ya masomo hayo sasa hivi na hana wa kumweleza. Mimi nilitoka nikiwa bado nasali. Nawafahamu wenzangu waliotoka wakiwa hawasali tena, wala siwahesabu kuwa wajinga au waliopotoshwa. Tulisoma kurasa zile zile.

Nilikuwa mtu mzima tayari, mwalimu wa shule ya Jumapili, nilipojiandikisha kusoma saikolojia. Somo la imani lilianza kwa mchezo. Tulionyeshwa filamu fupi ya katuni iliyotengenezwa na Fritz Heider na Marianne Simmel mwaka 1944. Ndani yake hamna mtu. Kuna pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, vinazunguka nje na ndani ya kisanduku chenye mlango. Basi. Lakini haikupita dakika moja darasa zima tukawa tumeshachagua upande. Pembetatu kubwa ilikuwa mwonevu, ile ndogo ilikuwa jasiri, duara lilikuwa linaogopa, na lilipoponyoka kisandukuni kuna mtu nyuma yangu alipiga makofi. Mhadhiri akazima, akasema, "Mmemshangilia nani? Hapo pana mistari tu." Katika jaribio lenyewe, washiriki 34 waliombwa waeleze walichokiona, na ni mmoja tu aliyeeleza habari za maumbo. Wengine wote walisimulia kisa cha viumbe wenye nia na hasira.

Kutoka hapo ngazi inapandwa haraka. Mwaka 1993 Stewart Guthrie, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa hoja kwamba dini inatokana na tabia hii ya binadamu kuona sura na nia kila mahali, hata mawinguni. Mwanasaikolojia Justin Barrett akaongeza kwamba akilini mwetu kuna kitu kama kengele ya kugundua viumbe wenye nia, na kengele hiyo ni nyepesi mno kulia. Sababu inaeleweka. Majani yakitikisika, anayekimbia upepo hapotezi chochote zaidi ya pumzi. Anayemdhania simba kuwa upepo hazai watoto wengi. Sisi ni uzao wa waliokimbia. Na mtu mwenye kengele ya namna hiyo, radi ikipiga au mtoto akiugua ghafla, atauliza "nani?" kabla ya kuuliza "nini?"

Kisha mwanasaikolojia Deborah Kelemen na watoto aliowachunguza. Ukiwauliza watoto wadogo kwa nini miamba fulani ina ncha kali, wengi huchagua jibu la kusudi: ili wanyama wasiikalie wakaivunja, au wapate pa kujikunia. Nilicheka, maana nilikuwa nayasikia majibu hayo kila Jumapili. Kicheko kiliisha nilipofika kwenye utafiti wa mwaka 2013, ambapo Kelemen na wenzake waliwapa sentensi za aina hiyo wanasayansi wa fani za fizikia na kemia katika vyuo vikuu vya Marekani. Wakipewa muda, walizikataa. Wakiharakishwa, walianza kuzikubali zaidi. Ule mtazamo wa utotoni haujaondoka, umefunikwa tu. Na Pascal Boyer, mwanaanthropolojia Mfaransa, anafunga hesabu kwa kueleza kwa nini baadhi ya visa hudumu: wazo linalokaa kichwani ni lile linalovunja kanuni moja au mbili tu za kawaida na kuziacha nyingine zote. Mti unaosikia yanayosemwa chini yake unakumbukwa. Mti unaosikia, unaoruka, usioonekana na unaopatikana siku za Jumatano pekee hausimuliwi na mtu.

Kipande kimoja kimoja hakikunitisha. Vilipokusanyika ndipo nilipohisi vinanisema mimi. Nilikuwa na ushuhuda. Nikiwa kijana, katika mkesha wa maombi, nilihisi waziwazi kwamba kuna aliyesimama nyuma ya bega langu la kushoto, na kwamba alikuwa mwema. Sikuona kitu, wala sikusikia sauti. Nilijua tu. Maisha yangu yaligeuka usiku ule, na ushuhuda huo niliutoa mara nyingi sana, mbele ya watu wengi. Sasa nikakutana na habari za Michael Persinger wa Kanada, aliyewavisha watu kofia ya kuendeshea pikipiki ya thelujini iliyotiwa koili za sumaku dhaifu pembeni mwa kichwa, na wengi wakasema wamehisi kuna mtu chumbani pamoja nao. Aliyesimama nyuma. Asiyeonekana. Magazeti yaliiita kofia ya Mungu.

Niseme wazi jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wanaosimulia safari hizi hupenda kuruka sehemu hii. Sikupoteza imani kwa kishindo. Nilipoteza uwezo wa kusali bila kujichungulia. Nikifumba macho tu, kuna sehemu yangu ilisimama kando na daftari: sasa anamfikiria msikilizaji, sasa mapigo yameshuka, sasa ile faraja imekuja, andika. Ni upweke wa aina yake. Faraja ilikuwa inakuja kama zamani ila nilikuwa siithamini tena, kama salamu kutoka kwa mtu unayemshuku. Niliomba nipumzishwe kufundisha watoto, nikasingizia mitihani. Nyumbani mke wangu aliacha kuniuliza kama tutasali pamoja, akawa anasali kwa sauti ya chini akiwa amenigeuzia mgongo. Kanisani walinong'ona kwamba chuo kimeniharibu. Chuoni wenzangu walishangaa kwamba bado naenda kanisani, wakadhani ni suala la muda tu. Pande zote mbili zilikuwa zimeshaandika mwisho wa kisa changu, na hakuna iliyoniuliza kinaendeleaje.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu vitabu. Tafuta mtu mmoja kila upande ambaye hana haraka ya kukuokoa. Mmoja tu anatosha. Wangu wa upande wa kanisa alikuwa mchungaji mstaafu. Nilimweleza yote, kofia, watoto, pembetatu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwanangu, kwani hesabu wewe unaifanyia kwenye ini?"

Sikumwelewa.

"Mbili na mbili ni nne. Unaifanyia wapi?"

"Kwenye ubongo, Mchungaji."

"Wakiipiga picha wataiona?"

"Wataona sehemu zinazofanya kazi."

"Basi. Na nne itabaki kuwa nne."

Niliondoka nikiwa mwepesi, na wepesi ule ulidumu kama wiki hivi. Jibu lake ni zuri, nalitumia hadi leo, ila ni nusu. Kwamba imani hupitia kwenye ubongo hakusemi lolote juu ya ukweli wake, hilo ni sawa. Kila kitu tunachokijua hupitia humo. Lakini hesabu tuna njia nyingine ya kuihakiki: chukua mawe, hesabu. Hoja yenye meno haisemi "imani iko kwenye ubongo". Inasema chombo kinachoizaa kinajulikana kwa kulia hovyo, na saa inayojulikana kwenda mrama huwezi kuitegemea ikuambie ni saa ngapi, hata kama kwa bahati imepatia. Ukikutana na mwalimu wa dini anayekujibu kwa ile nusu ya kwanza na kuufunga mjadala, mshukuru, halafu endelea kusoma.

Kilichonitoa kwenye kinamasi ni kitu kikavu kabisa: sehemu ya makala za kitaalamu inayoeleza jaribio lilivyofanywa. Vitabu vya kuuzwa madukani huiruka. Nilijilazimisha kuisoma, mwanzoni kwa kamusi na uvumilivu, na picha ikaanza kubadilika. Ile kofia: mwaka 2005 timu ya Pehr Granqvist kutoka Uppsala, Uswidi, ilichapisha matokeo ya kulirudia jaribio kwa namna ambayo mshiriki na aliyemsimamia, wote wawili, hawakujua kama sumaku imewashwa au imezimwa. Sumaku haikuleta tofauti. Waliohisi mambo ya ajabu walikuwa hasa watu wepesi wa kuathiriwa na yale wanayodokezewa, kofia iwe imewashwa au haijawashwa. Persinger alibisha kwamba hawakuitumia ipasavyo, na ubishi huo haukuisha. Lakini si kile nilichokuwa nimeambiwa kwenye gazeti.

Au chukua ile makala iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Science na Will Gervais na Ara Norenzayan. Katika jaribio lake mojawapo, watu waliotazama picha ya sanamu ya Rodin ya mtu anayefikiri walidai kumwamini Mungu kidogo kuliko waliotazama sanamu ya mrusha kisahani. Fikra kali huua imani, vichwa vya habari vikatangaza. Watafiti wengine walilirudia kwa watu wengi zaidi, wakatoa matokeo mwaka 2017: hawakuona kitu. Gervais mwenyewe amekiri hadharani kwamba jaribio lile lilikuwa dhaifu, na kwa hilo namheshimu kuliko wengi wanaolinukuu mpaka sasa. Hata ile kengele ya simba, ambayo hufundishwa kama jambo lililokwisha thibitishwa, ina ushahidi mwembamba kuliko inavyosimuliwa. Watafiti wa Uholanzi waliowatia watu wasiwasi ili waone kama wataanza kuona viumbe pasipo na viumbe, hawakupata walichokitarajia.

Ukifika hapa utataka kushangilia. Usishangilie. Jaribio kushindwa hakumthibitishi Mungu, na mengine hayajashindwa. Faida ya kusoma mbinu ni nyingine: hofu inapata ukubwa wake halisi. Uliza walikuwa washiriki wangapi, walikuwa nani (mara nyingi ni wanafunzi wa chuo wa nchi tajiri), waliulizwa nini hasa, na je, kuna mwingine aliyerudia. Maswali hayo manne yalinirudishia usingizi kuliko kitabu chochote cha kutetea imani.

Tafiti za picha za ubongo nazo zisome kwa utulivu. Mario Beauregard na Vincent Paquette wa Montreal waliwapiga picha watawa 15 wa Karmeli, matokeo yakatoka mwaka 2006. Watawa waliwaeleza watafiti mapema kwamba Mungu haitwi kwa miadi, kwa hiyo wakaombwa wakumbuke tu tukio zito kuliko yote waliyowahi kuwa nayo pamoja naye. Sehemu nyingi za ubongo zilishughulika, zilizotapakaa, wala haikuonekana ile "sehemu ya Mungu" iliyokuwa inatafutwa. Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Uffe Schjoedt wa Denmark, mwaka 2009. Aliwaweka Wakristo wenye bidii ndani ya mashine, wakasali Sala ya Bwana, wakasali kwa maneno yao wenyewe, na pia wakamwomba zawadi Baba Krismasi. Sala ya maneno yao wenyewe iliamsha zile sehemu tunazozitumia tunapozungumza na mtu na kujaribu kujua anafikiri nini. Maombi kwa Baba Krismasi hayakufanya hivyo. Kwa ubongo wa mwenye kusali, basi, Mungu si hadithi. Ni mtu wa kuzungumza naye. Kama kweli yupo upande wa pili wa mazungumzo, mashine haina la kusema, na Schjoedt hakudai kwamba inalo.

Lakini jaribio lililonibadilisha kweli halikutumia mashine. Ni la Barrett na Frank Keil, 1996. Waliwauliza watu kuhusu Mungu, wakapata majibu ya katekisimu: yuko kila mahali, anajua yote, anafanya mambo yote kwa wakati mmoja. Kisha wakawapa visa vya kusoma na kuvikumbuka. Kimoja ni cha mvulana anayeogelea kwenye mto wenye maji ya kasi. Mguu unanasa kati ya mawe, anasali. Kisa kinasema Mungu alikuwa anajibu ombi lingine sehemu nyingine ya dunia mvulana alipoanza kusali, na kwamba baada ya muda mfupi alilisukuma jiwe, mvulana akaponyoka. Hakuna mahali panaposema alilimaliza kwanza lile ombi jingine. Wasomaji walikumbuka kwamba alilimaliza.

Sikuamini, nikakijaribu kisa hicho kwenye kikundi chetu cha maombi, watu waliokomaa katika neno kuliko mimi. Niliwasomea, tukaimba, tukanywa chai, kisha nikawaomba wanisimulie. Mzee wa kanisa, ambaye anaweza kukunukuulia Zaburi ya 139, ile ya Mungu aliye kila mahali, bila kufungua kitabu, akasema: "Mungu alikuwa na shughuli kule. Alipoimaliza, akamgeukia huyu kijana, akamkuta bado hai, ashukuriwe." Wengine wakaafiki. Nikawasomea tena polepole. Kimya, kisha yule mzee akaanza kujicheka, akasema, "Kumbe Mungu wangu ana miguu!"

Nililala na sentensi hiyo. Maana wangu pia alikuwa nayo. Nilikuwa nafundisha watoto kwamba yuko kila mahali, halafu nasali kama mtu anayesubiri kwenye foleni, kwa sauti ya kuhakikisha ameniona, nikiomba radhi kwa kumsumbua na mambo madogo wakati kuna vita duniani. Teolojia yangu ilikuwa kichwani na mungu wangu wa haraka haraka alikuwa mwingine, wa kimo cha binadamu, na ndiye niliyekuwa nazungumza naye kila usiku. Hilo hakuna mahubiri yaliyowahi kunionyesha. Wazee wa kale wa imani kadhaa walikemea sana kumfikiria Mungu kama mtu. Barrett na Keil walionyesha kwa nini kemeo hilo halikomi kuhitajika.

Na hapo ndipo ninapoachana na makundi mawili yanayopiga kelele zaidi juu ya mambo haya. Moja linasema: tumejua imani inavyozaliwa, kwa hiyo ni njozi. Jingine, la wahubiri waliosoma kurasa tano, linasema: watoto huzaliwa na mwelekeo wa kuamini, kwa hiyo Mungu yupo. Ni mruko ule ule kwa miguu tofauti. Barrett ni Mkristo na halifichi. Boyer haamini. Wanasoma takwimu zile zile na hawagombani juu ya takwimu. William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, aliwaonya wasomaji wake tangu 1902 juu ya wale wanaoimaliza habari ya Paulo njiani kwenda Dameski kwa kuiita kifafa, kwamba chanzo cha wazo mwilini hakipimi thamani yake. Lipimwe kwa matunda na kwa jinsi linavyokaa pamoja na mengine tunayoyajua. Mimi naona yuko sahihi, ingawa hoja ya ile kengele inayolia hovyo sijaimaliza. Naibeba. Ninachoweza kusema ni kwamba imani yangu haikusimama juu ya kengele peke yake, imesimama pia juu ya watu, maandiko, na mambo ambayo nimeyaona yakibadilika katika maisha ya walevi na wagomvi, na hayo yanadai kupimwa kivyake.

Jambo moja la kukatazana. Usipeleke elimu hii msibani. Nilikuwepo mwanafunzi mwenzetu alipomweleza mama aliyefiwa na mwanawe kuhusu utafiti wa Jesse Bering na David Bjorklund wa mwaka 2004, ambao watoto walitazama onyesho la panya aliyeliwa na mamba: walikubali kwamba panya hahitaji tena kula, lakini wengi walisema bado anampenda mama yake. Alitaka kumfariji, nadhani, kwamba kuhisi mwanawe bado yupo ni kawaida ya akili. Yule mama alimtazama kwa upole akasema, "Asante, mwanangu. Lakini mimi sikumuuliza panya." Utafiti ule ni mzuri. Mahali palikuwa si pake.

Kusali kulirudi taratibu, na kulirudi kwa mlango wa nyuma. Sikurudi kwa maneno yangu mwenyewe. Nilirudi kwa sala zilizoandikwa, za kusoma, ambazo hazikumpa yule mwenye daftari kazi ya kufanya. Nawashauri wengine hivyo hivyo: ukijikuta unajichungulia, shika liturujia, imba na wengine, tembelea wagonjwa. Mke wangu alinigeukia tena bila kusema neno juu ya miezi ile. Watoto wa Jumapili niliwarudia, na nikiulizwa Mungu anatusikiaje sote pamoja, siharakishi kujibu. Nawaacha wachore kwanza, nione ana miguu mingapi.

Ushuhuda wangu bado nautoa, ila nimeuongezea. Nasema kwamba usiku ule nilikuwa nimefunga, sikuwa nimelala, tulikuwa tumeimba kwa saa nyingi, na kwamba mtu katika hali hiyo huweza kuhisi mengi. Kisha nasema nilichokihisi, na nilichokifanya asubuhi yake, ambacho ni kwenda kumwomba msamaha ndugu niliyekuwa sisemi naye. Kuna wanaonishukuru kwa maneno yale ya mwanzo, hasa vijana. Walio wengi wanaona napunguza utukufu. Siku hizi siitwi sana.